Sifuri yako iko wapi?

Ngazi ile ina vipandio 6 tu. Inatoka sebuleni na kupanda kwenye korido ya vyumba vya kulala, katika nyumba iliyo ubavuni mwa kilima hapa Mwanza. Niliichora mimi. Kwenye skrini kila kipandio kilikuwa na kimo cha sentimita 17, na 17 mara 6 ni 102, hesabu iliyokaa sawa kabisa. Siku nilipoitwa kuitazama, wenyewe wakiwa wameshahamia, nilipiga magoti na tepu yangu nikaanza kupima kutoka chini. Cha kwanza 14. Cha pili 17. Cha tatu, cha nne na cha tano, 17. Cha mwisho 20.

Mama mzazi wa mwenye nyumba alikuwa amejikwaa hapo mara mbili ndani ya wiki moja. Mara ya pili alikuwa amebeba sinia lenye vikombe. Mungu ni mwema, hakuvunjika mahali, lakini kiwiko kilikuwa kimevimba na alikuwa amekifunga kitambaa. Alikaa kwenye kochi akinitazama ninavyopima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ngazi yenu hii inaninyang'anya mguu."

Sijawahi kusikia mtu akieleza kosa la ramani kwa usahihi kuliko hivyo. Mguu haupimi kwa tepu. Ukishakanyaga kipandio cha pili na cha tatu umeshakariri kimo, na kuanzia hapo mwili unajiendea wenyewe huku akili ikiwa kwenye vikombe. Kipandio cha mwisho kikizidi kwa sentimita 3, ncha ya kidole inagonga ukingo. Wakati wa kushuka ni kibaya zaidi, kwa sababu hatua ya kwanza tu inakuzamisha kuliko ulivyotegemea, na ya mwisho sakafu inakuwahi kabla mguu haujajiandaa.

Nimeamua kuandika zilikotoka sentimita hizo kwa sababu hazikutoka kwa fundi, kama wengi wanavyodhani wakiona ngazi mbovu. Zilitoka kwenye kompyuta yangu. Zilitoka kwenye kile kisanduku kidogo ambamo programu inauliza levo hii iko juu kiasi gani, nami nikajaza namba bila kusema inapimwa kutoka kwenye uso upi.

Wenye nyumba ni walimu, mume na mke. Walikuja kwangu na ramani waliyoipenda kwenye simu: vyumba vitatu, sebule, jiko, baraza, vyote kwenye sakafu moja. Nyumba nzuri, lakini imechorwa kwa ajili ya kiwanja kilicholala. Kiwanja chao hakijalala. Hapa kwetu kilima kinaanzia karibu na ziwa na kupanda katikati ya majabali, na viwanja vingi vya bei wanayoimudu watu wa kawaida viko huko juu, kwenye mteremko. Nikawaambia kabla sijagusa kompyuta twende tukapime.

Aliyepima ni fundi mkuu waliyekuwa wameshapatana naye, mzee aliyejenga kwenye vilima hivi kabla mimi sijaanza shule. Hakuja na mashine. Alikuja na mpira wa maji, lile bomba jembamba la plastiki linaloonyesha ndani, la mita kama 20. Aliujaza maji taratibu, akautandaza chini, akapita nao akiugonga kwa vidole mpaka viputo vyote vya hewa vikatoka, maana kiputo kimoja kikibaki kipimo chote ni bure. Kisha akanipa ncha moja nikasimame nayo kwenye mambo wa juu, yaani kigingi cha kona, yeye akashuka na nyingine hadi mambo wa chini.

"Toa kidole hapo juu, binti yangu. Ukiziba, maji hayatembei."

Nikatoa kidole. Maji yakapanda na kushuka ndani ya mpira, yakatulia. Tukatia alama. Katika mita 14 za urefu wa nyumba kwa kufuata mteremko, ardhi ilikuwa inaanguka mita 1.90.

Namba hiyo moja iliamua kila kitu. Nyumba ya mita 12 kwa 14 ina eneo la mita za mraba 168. Ukitaka sakafu moja iliyo sawa na ardhi ya nyuma, upande wa mbele lazima uinue msingi mita 1.90 na kujaza ndani. Kwa wastani ni sentimita 95 za kifusi chini ya nyumba nzima, yaani karibu mita za ujazo 160, zinunuliwe, zipandishwe na malori kwenye barabara ile ya mawe, zishindiliwe tabaka kwa tabaka. Na zisiposhindiliwa vizuri, baada ya masika mawili jamvi, yaani sakafu ya zege, linapasuka. Lakini ukiikata nyumba katikati, nusu ya juu ikakaa juu na nusu ya chini ikashuka kwa mita moja hivi, kila nusu inabeba mteremko wa sentimita 95 tu badala ya 190. Wastani wa kujaza unakuwa nusu, kifusi kinakuwa nusu. Mwalimu mke ndiye aliyeifanya hesabu hiyo haraka kuliko sisi wote, kwa kijiti, kwenye vumbi.

Basi tukakubaliana: vyumba vya kulala na bafu juu, sebule na jiko chini, katikati ngazi ya vipandio 6. Nyumba ya sakafu mbili ambayo si ghorofa.

Kwa nyumba za namna hii natumia Sweet Home 3D, programu ya Mfaransa Emmanuel Puybaret. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na inafanya kazi kwenye kompyuta mpakato ya mtumba bila kulalamika. Naipenda kwa dhati. Imewafungulia mlango watu wengi ambao wasingeweza kulipia leseni za programu kubwa. Lakini kama programu nyingi za nyumba, ina picha yake kichwani kuhusu nyumba ilivyo, na picha hiyo ni sanduku juu ya sanduku. Ukiongeza levo mpya juu ya ile ya kwanza bila kubadilisha mipangilio, inaiweka kwenye sentimita 262: 250 za ukuta na 12 za unene wa sakafu. Inadhani unajenga ghorofa.

Wengi wanakwama hapo, na najua kwa sababu vijana huniletea mafaili yao. Wanadhani levo ni ghorofa, kwa hiyo nyumba ya mteremko haichoreki. Inachoreka. Fungua marekebisho ya levo, futa 262, andika 102. Programu haikatai. Levo moja ikianzia 0 na kwenda juu, nyingine ikianzia 102 ubavuni mwake, hata kama zinapishana kwa urefu, kwake ni sawa tu. Levo ni mwinuko, basi. Kitu kinachoitwa ghorofa kiko kwenye vichwa vyetu. Siku nilipolielewa hilo nilianza kuchora nyumba ambazo zamani nilikuwa nawaambia wateja haziwezekani.

Kisha nikageukia picha ya pande tatu na vyumba vya kulala vikawa vinaelea.

Sababu ni kwamba ardhi ya programu hii ni bapa kama meza. Iko kwenye sifuri, inaenea pande zote, haijui kilima. Nilijaribu kuigeuza: nikaweka vyumba vya kulala kwenye 0 na sebule kwenye -102. Hapo programu ikafanya inachofanya kwa kila levo iliyo chini ya sifuri, ikachimba. Sebule ya walimu ikawa ndani ya shimo, madirisha ya mbele yakitazama udongo, ilhali kwenye kiwanja halisi mbele kuna mandhari ya ziwa. Nikarudi kwenye 0 na 102, na kuionyesha ardhi ya nyuma nikatumia masanduku yaliyomo kwenye katalogi ya programu, nikayapaka rangi ya udongo na kuyapanga kama matuta. Si mteremko wa kweli lakini mteja anaelewa. Programu kubwa kama Revit na ArchiCAD zina zana za kuchora ardhi yenyewe, na kwa kiwanja kigumu zaidi ya hiki ningeenda huko.

Tatizo la pili lilikuwa kwenye ukuta wa katikati. Nilikuwa nimeuchora kwenye levo ya juu, kwa hiyo ulianzia juu, na upande wa sebule chini yake palikuwa wazi. Kosa hili linaonekana dogo kwenye skrini, mtu analiziba na kusonga mbele. Lakini pengo lile linakuonyesha mahali penye ukuta mzito kuliko zote katika nyumba hiyo, ukuta unaozuia zaidi ya mita moja ya udongo usiingie sebuleni. Lazima uanzie chini, uwe na nondo na zege la kutosha, na upande unaogusana na udongo upakwe lami na kufunikwa nailoni nene, la sivyo masika ya kwanza tu rangi ya sebule inaanza kubabuka. Programu haijui unyevu. Nikauchora kutoka levo ya chini, urefu sentimita 402, nikampelekea mhandisi kwa ajili ya nondo. Na kwa kuwa dari ya juu ilikuwa mita 3 kutoka kwenye sakafu yake, kuta zote za sebule nazo nikazipandisha hadi 402, mkanda wa zege wa juu ya kuta ukazunguka nyumba nzima kwenye mstari mmoja, paa likawa moja. Sebule yenye dari ya mita 4 kwenye joto la mchana la Mwanza ni neema. Mpaka leo ndicho chumba ninachokipenda kuliko vyote nilivyowahi kuchora.

Siku ya kuseti nyumba mzee aliikunjua ramani yangu juu ya jiwe. Kuna jabali moja kwenye kona ya kiwanja, kubwa kuliko gari, la rangi ya kijivu, ambalo hakuna atakayelihamisha. Akaitazama ramani kwa muda.

"Binti yangu, sifuri yako iko wapi?"

Nikamwonyesha: sebule, hii hapa, 0.00, na vyumba +1.02. Akatikisa kichwa. Alikuwa anauliza iko wapi hapa, kwenye dunia. Tukachukua tena mpira wa maji, tukakubaliana sebule ikae wapi kulingana na barabara ya mbele ili maji ya mvua yasiingie, kisha akapeleka levo hiyo mpaka kwenye jabali, akaongeza sentimita 60 kamili, na hapo akachora mstari mwekundu kwa rangi ya mafuta. Mstari ule ni +0.60. Mambo zitang'olewa, uzi utakatika, kuku watapita, lakini jabali litabaki pale, na fundi yeyote atakayekuja na mpira wa maji atashuka sentimita 60 kutoka kwenye mstari na kuipata sifuri.

Niliondoka pale nimefurahi, nikiamini nimemjibu. Nilikuwa nimemjibu nusu. Nilimwambia sifuri iko mahali gani, sikumwambia iko kwenye uso gani.

Sakafu ya nyumba haina uso mmoja. Kuna zege la jamvi. Juu yake kuna sakafu ya saruji na mchanga, na juu yake gundi na kigae. Katika nyumba ile, kutoka juu ya jamvi hadi pale unyayo unapokanyaga ni sentimita 5. Kwenye kompyuta mimi nilikuwa naona vigae, nilikuwa nimeshavichagua hadi rangi, kwa hiyo kwangu 0.00 ilikuwa kigae. Mzee aliona msingi na kokoto, kwa hiyo kwake 0.00 ilikuwa jamvi. Karatasi haikumwambia vinginevyo. Akamwaga jamvi la chini kwenye 0.00 na la juu kwenye 1.02, akafunga mbao za ngazi na kugawa vipandio 6 vya sentimita 17 sawasawa, jamvi hadi jamvi. Kazi safi. Ningeenda kupima siku ile ningempongeza.

Miezi minne baadaye akaja fundi vigae. Akapiga sakafu ya saruji chini na juu, akaweka vigae: kila sakafu ikapanda sentimita 5. Kwenye vipandio hakupiga saruji, na hakuwa na sababu ya kupiga, zege lilikuwa limenyooka vizuri. Akabandika kigae kwa gundi tu, sentimita 2. Sasa fanya hesabu. Kipandio cha kwanza: sakafu ya chini imepanda 5, sehemu ya kukanyaga imepanda 2, kimo kinabaki 14. Vya kati vyote vimepanda 2 kwa 2, kwa hiyo 17. Cha mwisho: kukanyaga kumepanda 2, sakafu ya juu imepanda 5, kimo kinakuwa 20. Jumla bado ni 102. Ukipima ngazi yote kwa mara moja huoni kosa lolote.

Nilikaa kwenye kile kipandio cha mwisho na karatasi, nikaichora hesabu hiyo, na mzee aliyekuwa amefuatana nami akasoma juu ya bega langu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Kumbe tulikuwa na sifuri mbili." Kisha tukatafuta dawa, na ilikuwa rahisi kuliko nilivyohofia: kung'oa vigae vya sehemu 5 za kukanyaga, kuongeza saruji sentimita 3 kwenye kila moja, na kubandika upya. Kila kipandio kikarudi kwenye 17. Ilichukua siku mbili za kazi na siku kadhaa za kusubiri saruji ikauke, watu wakipita kwa mlango wa nyuma. Vigae na fundi nililipa mimi.

Tangu siku hiyo kila ramani inayotoka kwangu ina levo mbili kwa kila sakafu, zimeandikwa kwa maneno, si kwa alama peke yake: levo ya sakafu iliyokwisha, na levo ya juu ya zege. Sebule 0.00 iliyokwisha, zege -0.05. Vyumba +1.02 iliyokwisha, zege +0.97. Na ngazi ina mchoro wake peke yake, mkubwa, kila kipandio na kimo cha zege na kimo cha kigae. Sehemu ya kukanyaga ni sentimita 28, maana kimo mara mbili ukijumlisha na kina cha kukanyaga inapendeza ifike kati ya 60 na 64, na 17 mara 2 ukiongeza 28 ni 62. Kanuni hiyo ni ya tangu Mfaransa mwingine, François Blondel, msanifu wa karne ya 17, aliyeihusisha ngazi na urefu wa hatua ya mtu.

Ukihamia kwenye programu nyingine uliza swali hilohilo kabla ya kuchora ukuta wa kwanza. Revit, ukichora sakafu juu ya levo, kwa kawaida inaweka uso wa juu wa sakafu hiyo kwenye mstari wa levo, na unene wote unashuka chini. Ukiwa umejenga sakafu yako kwa tabaka, zege, saruji na kigae pamoja, basi levo yako ni kigae. Ukiwa umechora zege peke yake, levo yako ni zege, hata kama ulikuwa na nia nyingine. Zaidi ya hapo, kuta za Revit zinafungwa kwenye levo chini, na juu pia ukitaka, kwa hiyo ukisogeza mstari wa levo kwa sentimita 10, kuta zilizofungwa hapo zinasogea pamoja nayo. Ni msaada mkubwa ukiwa umekusudia, na ni hatari ukiwa umegusa kwa bahati mbaya usiku wa manane.

Halafu kuna jambo la kuhesabu. Programu za Wamarekani, kama Chief Architect, huita sakafu ya chini ya nyumba Floor 1, na msingi ndio Floor 0. Kwetu mtu akisema nyumba ya ghorofa moja anamaanisha ina chini na juu. Nimeshuhudia mteja na mchoraji wakijadiliana nusu saa kuhusu "ghorofa ya kwanza", kila mmoja akizungumzia sakafu yake. Andika majina: sebule, vyumba, baraza. Namba za programu ziache ndani ya programu.

Vilevile usikubali kuingiza urefu kutoka usawa wa bahari kama sifuri ya kuchorea. Karatasi ya mpimaji wa ardhi hapa kwetu itakuja na namba kama 1,150, kwa sababu ziwa lenyewe liko karibu mita 1,134 juu ya bahari. Kuna aliyeziingiza hivyohivyo, kisha akawa anajaza 1,151.02 kila mahali anapotaka vyumba vya kulala, na nukta moja ikateleza. Weka sifuri yako sebuleni, na uandike mara moja tu, kwenye karatasi ya kwanza, sifuri hiyo ni sawa na mita ngapi za mpimaji.

Wajenzi wa pwani walikuwa wameshazama ndani ya jambo hili zamani sana. Katika nyumba za mawe za Lamu, kutoka kwenye kiwanda, yaani ule ua wa ndani, vyumba virefu vinafuatana kuelekea kwenye faragha ya nyumba, na sakafu inainuka kidogo kila unapoingia chumba kinachofuata. Kuna msana wa tini na msana wa yuu, yaani chumba kirefu cha chini na cha juu. Jina la chumba ndilo levo yake. Mgeni anajua kwa unyayo amefika wapi na aishie wapi, hakuna haja ya mtu kumwambia. Nikikumbuka hilo naona haya ninapoona ramani yenye "Levo 1, Levo 2, Levo 2 nakala".

Bafu nalo lina levo yake. Maji yanatakiwa yasitoke kwenda koridoni, kwa hiyo sakafu ya bafu naishusha sentimita 3 chini ya korido. Kwenye Sweet Home 3D chumba hakina mwinuko wake chenyewe, kinafuata levo kilichochorwa, hivyo bafu la walimu lina levo yake peke yake, kwenye 99. Wanaoanza huona ni usumbufu kufungua levo nzima kwa ajili ya sentimita 3 na huiacha, wakitegemea fundi atajua. Fundi mzuri anajua. Lakini anajua baada ya jamvi kumwagwa sawa, na hapo njia iliyobaki ni kujenga kizingiti mlangoni, kingine cha kujikwaa. Kutoka hapo fuata bomba la choo: sentimita 2.5 za kushuka kwa kila mita, na septiki ikiwa mita 12 kutoka bafuni hizo ni sentimita 30, ambazo kwenye kilima unazipata bure ukiiweka septiki upande wa chini. Ukiiweka upande wa juu kwa sababu tu pale palikuwa na nafasi kwenye karatasi, utachimba hadi uchoke.

Wiki iliyopita mzee alinitumia picha kwa WhatsApp. Kiwanja kingine, jiwe jingine, dogo kuliko lile. Kuna mstari mwekundu, na chini yake ameandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa: 0.00 KIGAE. ZEGE -5. Nyuma ya jiwe anaonekana kijana ameshika ncha ya mpira wa maji, kidole akiwa ameshakitoa. Ikafuata sauti: "Binti yangu, kesho kutwa tunamwaga. Njoo kesho, na tepu."